Polisi wamembeba mtu wako? Kesi ya haki inaanzia usiku huohuo (kwa walioko Kenya)

Kesi ya kushtaki serikali kwa kuvunja haki zako, kushinda au kushindwa kwake huwa kushaamuliwa kabla wakili hajaliona faili. Kunaamuliwa na kile mlichoandika usiku ule wa kwanza. Hili nililijua kwa uchungu. Mtoto wa dadangu alibebwa maskani Jumatatu jioni, tukazunguka vituo vitatu, kila kaunta ni "hayuko hapa mama", dadangu analia, mimi nimechanganyikiwa, na kati yetu hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu. Tulimpata Alhamisi mgongo umevimba. Wakili alipotuuliza mlifika kituo gani saa ngapi, mkaongea na askari gani, alisema nini, tukabaki kutazamana tu. Sitaki wewe ubaki kutazamana na mtu.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ni daftari, au hata simu, jitumie meseji mwenyewe maana meseji inabaki na saa yake. Andika alichukuliwa wapi, saa ngapi, walikuwa wangapi, sare au nguo za kiraia, gari namba gani (hata herufi mbili zinasaidia), nani aliona na namba yake ya simu. Kisha nenda kituo uripoti na udai namba ya OB (daftari la kituo la kuandika matukio). OB ni bure na ni haki yako, na wakikataa kukuandikia usigombane, toka nje uandike: saa tatu na dakika kumi usiku, kituo fulani, askari namba fulani amekataa kuandika ripoti yangu. Kule kukataa nako ni ushahidi.

Kama ameumizwa, hospitali kwanza, fomu ya P3 (ile ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza majeraha) baadaye. Watu wengi hukimbilia P3 halafu wanasahau kuweka karatasi za matibabu, na daktari anayejaza P3 anaziangalia hizo. Piga picha majeraha siku hiyohiyo na tena baada ya siku mbili yakishageuka rangi, na nguo zenye damu usifue, tia kwenye mfuko wa karatasi. Kama ni mateso ya polisi kuna shirika la IMLU ambalo kazi yao ni hiyo, wana madaktari na mawakili.

Video nayo ina mambo yake. Usiitegemee ile iliyopitia WhatsApp mara kumi. Itunze ile ya kwanza ndani ya simu iliyorekodi, na aliyerekodi apatikane, kwa sababu sheria ya ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti kinachoeleza ilirekodiwa na kifaa gani na ikatolewa vipi. Hata iwe nzuri kiasi gani, bila cheti upande wa pili utaipinga itupwe.

Sasa hesabu ya saa. Katiba kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha nje ya masaa ya korti basi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndio maana kuna ile kamatakamata ya Ijumaa, akishikwa Ijumaa jioni wanaweza kukaa naye hadi Jumatatu na bado wako ndani ya sheria. Lakini sisi wetu alishikwa Jumatatu, Jumatano korti ikifungwa muda ushapita, na hatukujua!

Muda ukipita na hamjui alipo, ombi lenu ni habeas corpus, yaani mnaiambia Mahakama Kuu iwaamuru waliomshika wamlete mbele ya jaji, na waeleze wamemshika kwa sheria gani. Linaenda na cheti cha dharura (cha kuomba lisikilizwe haraka) na hati ya kiapo ya mtu wa familia. Haki hii haiwezi kuwekewa mipaka, kifungu cha 25 kimeiweka pamoja na kutoteswa. Na inafanya kazi, msikubali kuambiwa ni makaratasi tu. Agosti 2024 watu watatu walitekwa Kitengela, chama cha mawakili LSK kikaenda kortini, aliyekuwa anakaimu Inspekta Jenerali akaitwa mara kadhaa na hakutokea, Jaji Lawrence Mugambi akampa kifungo cha miezi sita kwa kudharau korti, akimwachia siku saba ajitokeze. Ilikuwa tarehe 13 Septemba. Tarehe 20 wale watatu wakaachiliwa, siku 32 tangu wachukuliwe. Hicho kifungo kiliondolewa baadaye, sawa, lakini watu walirudi nyumbani wakiwa hai.

Akishapatikana ndio mnafikiria petisheni yenyewe, yaani ile kesi ya kushtaki serikali kwa kuvunja haki. Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote kufungua, kwa niaba yake, kwa niaba ya mtu asiyeweza, au kwa maslahi ya umma, na kinasema hakuna ada ya kufungulia kesi ya namna hii. Kinasema pia korti ikibidi ipokee hata maandishi yasiyo rasmi, na kanuni za 2013, zile mawakili wanaziita za Mutunga (aliyekuwa Jaji Mkuu), zinataja mpaka barua na maombi ya mdomo. Lakini ukiweza kuandika vizuri andika vizuri, manake tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 majaji wanataka useme wazi: haki gani, kifungu gani, ilivunjwa vipi. Hapa ndipo petisheni nyingi zinapofia. Mtu anaandika "polisi walinidhulumu na kukanyaga katiba." Jaji afanye nini na hiyo? Andika hivi: "Jumanne saa mbili usiku nikiwa nje ya duka langu, askari wawili wenye nguo za kiraia walinitia pingu. Niliuliza kosa langu mara mbili, hawakujibu. Huo ni ukiukaji wa kifungu cha 49(1)(a)(i)." Aya moja, tendo moja, kifungu chake. Unaona daftari la ule usiku linavyorudi.

Kwenye maombi usiwe mnyonge. Omba tamko kwamba haki ilivunjwa, omba amri ya muda ya kuzuia wasiendelee, omba fidia, na kama tatizo ni sheria yenyewe omba ifutwe. Geoffrey Andare alishtakiwa kwa alichoandika Facebook, badala ya kujitetea peke yake akashambulia kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, na 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakifuta, kikafutika kwa kila mtu Kenya. Mwaka 2018 serikali ikarudi na sheria ya makosa ya kompyuta, kwa hivyo vita havijaisha.

Wakili kama huna, jaribu huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, Kituo cha Sheria, FIDA (chama cha mawakili wanawake) kwa akina mama, na sisi wa Pwani tuna mashirika ya haki za binadamu, Muhuri na Haki Africa. Peleka malalamiko IPOA pia, ile mamlaka huru inayochunguza polisi, yanaenda sambamba na kesi.

Na tafadhali msiende peke yenu. Wakili Willie Kimani, mteja wake bodaboda aliyekuwa amemlalamikia polisi, na dereva wa teksi waliuawa Juni 2016 wakitoka kortini Mavoko. Waliowaua walihukumiwa mwaka 2023. Kopi za kila karatasi ziwe kwa mtu mwingine, na siku ya kesi mtu wa nyumbani ajue mmetoka saa ngapi na mnarudi na gari gani.

Msikae sana pia. Petisheni ya katiba haina muda maalum ila jaji atauliza mlikuwa wapi, na kesi ya kawaida ya kudai fidia ya madhara dhidi ya serikali (si ya mkataba) ni miezi 12 tu.

Mkishinda fidia, jueni hamuwezi kumpelekea serikali dalali achukue magari. Desemba 2020 manusura wanne wa ubakaji wa baada ya uchaguzi wa 2007 walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja, watu wakadhani kesho yake hela iko benki, haiendi hivyo. Mnachukua rejistri cheti cha amri, mnampelekea Mwanasheria Mkuu, wakinyamaza mnarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha Katibu wa wizara husika alipe. Akikaidi hiyo ndio anaitwa ajieleze kwa nini asifungwe, na anaitwa kwa jina lake.