Kuizunguka Dar kwa baiskeli: toka saa 12 asubuhi, mfuate muuza madafu

Watu wakitaka kuanza kuendesha baiskeli Dar swali lao la kwanza huwa ninunue baiskeli gani, mi naona swali la kwanza ni unatoka saa ngapi. Toka saa 12 asubuhi, tena anza na Jumapili. Muda huo jua bado dogo, daladala chache, na barabarani unawakuta wenye baiskeli wenyewe, wauza samaki wanatoka soko la Feri na matenga nyuma, wa mikate wanasambaza madukani, wa mkaa, wa madafu. Hao ndo walimu wako. Hapa Dar baiskeli ni kazi kabla haijawa mazoezi, na anayeendesha kila siku akiwa na mzigo anajua barabara kuliko mtu yeyote.

Mi nilijifunza kwa kukaa nyuma ya muuza madafu mmoja kutoka Magomeni mpaka mjini, sikumwambia kitu, nilikuwa namwangalia tu anavyofanya. Yule mzee hakuwa anabana ukingoni kabisa, alikuwa anaacha kama hatua moja hivi kutoka pembeni maana pembeni ndo kuna mchanga, kuna mfereji ambao mfuniko wake ulishaondoka zamani, na kuna bodaboda wamepaki wanasubiri abiria. Daladala ikisimama hapiti kushoto kwake hata siku moja, kule ndo mlango ulipo, abiria anashuka bila kuangalia na konda anaruka, kwa hiyo anasubiri au anageuka kuangalia nyuma, ananyoosha mkono wa kulia, akiona nafasi anapita. Mlima ukianza anashuka anasukuma, hana haraka wala haoni aibu. Ukizingatia haya matatu tu umeshapunguza hatari nyingi sana.

Alipofika kwenye kijiwe chake nikasimama ninywe moja. Hapo ukiangalia baiskeli yenyewe utashangaa, Phoenix ya zamani, keria imechomelewa vyuma vya ziada, mikungu ya madafu inaning'inia huku na huku mpaka karibu iguse chini, anashusha stendi halafu anachukua kijiti chenye panda anakiweka chini ya keria ili mzigo usiivute baiskeli ikalala. Anakuuliza la maji au lenye nyama. Panga linapita mara tatu, unakunywa, ukimaliza anapasua na anakuchongea kijiko hapo hapo kwenye ganda lake. Umri wake ni wa baba zako, kwa hiyo shikamoo kwanza, ndo uanze maswali, na ukimuuliza njia gani nzuri atakueleza vizuri kuliko ramani ya kwenye simu.

Sasa baiskeli. Katikati ya mji ni tambarare, hata isiyo na gia inatosha, ila kama unaishi Kimara au upande wa Pugu tafuta ya mtumba yenye gia maana kushuka mjini utateleza raha mustarehe lakini kurudi jioni ni mlima na miguu itakuuma. Kabla hujalipa inua tairi la mbele ulizungushe, rimu isiyumbe, minya breki zote mbili, halafu shika pedeli uitikise kushoto kulia, ikicheza ujue beringi zimekwisha. Siti iwe juu kiasi kwamba pedeli ikiwa chini kabisa goti linakunjika kidogo tu, wengi mnakaa chini sana ndo maana magoti yanawauma mnasema baiskeli ngumu. Nunua helmeti, taa ya nyuma nyekundu na kufuli nene. Mimi niliibiwa moja niliyoifunga kwa kile kiwaya chembamba, nilikaa ndani dakika kumi tu, natoka nakuta waya umekatwa. Funga fremu pamoja na tairi la nyuma, kwenye kitu kisichong'oka.

Na mjue fundi wako kabla hujapata pancha. Kila mtaa una mmoja, mara nyingi yuko chini ya mkungu au mwarobaini, ana karai la maji, pampu na kopo la spana. Kaa umwangalie akifanya. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai kidogo kidogo huku anaizungusha, mapovu yakitoka hapo hapo anaweka alama, anakausha, anasugua na msasa, anapaka gundi na (hapa ndo wengi tunakosea tukifanya wenyewe) anaiacha gundi ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Halafu anapitisha vidole ndani ya tairi taratibu kutafuta msumari au mwiba uliokutoboa, maana ukiuacha utarudi kesho yake na pancha ile ile. Ukiangalia mara mbili tatu utaweza mwenyewe, ila bado mpelekee kazi, hiyo ndo riziki yake.

Njia ya kwanza ninayompa kila mtu ni ya baharini. Anzia Feri, soko la samaki, pitia mbele ya Ikulu ushike Barabara ya Barack Obama na bahari iko kulia kwako, nenda mpaka hospitali ya Aga Khan halafu panda Daraja la Tanzanite. Kabla halijafunguliwa mwaka 2022 wote tulikuwa tunabanana kwenye Daraja la Salenda. Daraja lina kama kilomita moja na upepo wake si wa mchezo, miezi ya kusi unasukumwa mgongoni kwenda ufukwe wa Coco unajiona bingwa, kurudi unapambana nao usoni, na kaskazi likivuma inakuwa kinyume chake, kwa hiyo hifadhi nguvu. Ukikuta watembea kwa miguu kwenye njia yao shuka usukume. Coco kuna mihogo, kula.

Ya pili ni Morogoro Road kufuata njia za pembeni za mabasi ya mwendokasi, zile zilizojengwa pamoja na mradi ulioanza kubeba abiria 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Ni njia nzuri sana lakini utakuta biashara zimepangwa juu yake, bodaboda wanakuja wanakutazama usoni, magari yamepaki. Hilo linaniuma kweli, maana waendesha baiskeli kupitia chama chao cha UWABA wamedai njia miaka mingi, leo njia ipo na bado mtu anarudi kupambana na malori. Ila usije ukaingia kwenye barabara ya mabasi yenyewe, ni kosa na basi likija huna pa kukimbilia. Mvua kubwa ikinyesha usipite Jangwani, Msimbazi unafurika, na hata maji yakiondoka yanaacha tope jembamba linaloteleza kama mlenda, nililala hapo siku moja na kiwiko kina kovu mpaka leo.

Kariakoo nenda kutafuta spea, bei ni nzuri ukizunguka maduka matatu manne, lakini siku za kazi sukuma kwa mguu, usijaribu kuendesha.

Ukishazoea vuka Kigamboni. Pantoni inapakia baiskeli, unalipia na yenyewe, uwe na N-Card, ile kadi ya kulipia nauli, yenye hela, panda na watembea kwa miguu usijichanganye na magari, na kwenye mteremko wa kushukia shika breki maana chuma kimelowa. Ukifika kule ng'ambo foleni inaisha ghafla, shika barabara ya Mjimwema uende taratibu, na geuza mapema ili saa 11 uwe umeshavuka, pantoni ya jioni inajaa. Ukifika nyumbani usilale kabla hujaimwagia baiskeli maji ya bomba, chumvi inakula spoku na cheni kwa wiki moja tu. Ifute, iache ikauke, halafu cheni weka tone moja moja la oili nyepesi na ufute inayozidi, oili chafu ya gari inashika mchanga na cheni itaanza kulia.