Kabla ya Mtoano wa Novemba: Mambo ya Kuzingatia Unapopima Nafasi ya Timu ya Soka ya Chuo Nchini Marekani

Msimu wa kawaida wa soka ya wanaume ya vyuo vikuu nchini Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika mapema Novemba, na baada ya hapo timu zilizofuzu huingia katika mtoano ambamo kipigo kimoja kinatosha kuwarudisha wachezaji darasani. Shabiki anayetaka kujua timu yake itafika wapi huanza kwa kuhesabu mechi ilizoshinda, kisha huishia kushangaa inapotolewa mapema na chuo ambacho hakukijua. Vermont, waliotwaa ubingwa wa Daraja la Kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, Desemba 2024, hawakuwa miongoni mwa timu zilizopewa nafasi za juu katika upangaji wa ratiba, na Marshall nao hawakuwa miongoni mwao walipotwaa ubingwa wa msimu wa 2020, ambao kwa sababu ya UVIKO-19 ulichezwa hadi Mei 2021. Kwa maoni yangu, jambo linalopaswa kupimwa kabla ya filimbi ya kwanza ni iwapo kikosi kinaweza kucheza mechi ngumu ugenini, baada ya mapumziko mafupi, kwa dakika zaidi ya 90, na bado kikafikiri sawasawa. Mengine yote yanapaswa kupimwa kwa kigezo hicho.

Kwanza ichunguzwe njia ambayo timu itaingilia. Mashindano ya wanaume ya Daraja la Kwanza huchukua timu 48. Baadhi yake huingia moja kwa moja kwa kuwa mabingwa wa konferensi zao, yaani ligi ambazo vyuo hujiunga kwa makundi, na zilizobaki huchaguliwa na kamati inayopitia rekodi za msimu mzima. Kwa miaka mingi kamati hiyo imekuwa ikitazama kipimo kiitwacho RPI, ambacho robo yake hutokana na asilimia ya ushindi wa timu yenyewe, nusu yake hutokana na asilimia ya ushindi wa wapinzani iliokutana nao, na robo iliyobaki hutokana na wapinzani wa wapinzani hao. Maana yake ni kwamba robo tatu ya alama za timu hutegemea aina ya timu ilizokubali kucheza nazo, na kwamba kocha aliyejaza ratiba ya Septemba kwa wapinzani dhaifu anaweza kujikuta na ushindi mwingi usio na uzito. Kwa hiyo kabla ya kusherehekea rekodi, mtu ajiulize ni wangapi kati ya walioshindwa na timu yake watakaocheza tena Novemba.

Njia hiyo ina athari nyingine isiyozungumzwa sana. Timu ambayo haina uhakika wa kuchaguliwa na kamati hulazimika kushinda mashindano ya mtoano ya konferensi yake, hivyo hulazimika kufikia kilele cha ubora wake wiki moja au mbili kabla ya mashindano makubwa, na mara nyingi huingia humo ikiwa na majeruhi na miguu mizito. Timu yenye RPI nzuri, kwa upande mwingine, inaweza kutolewa mapema katika konferensi na kupata siku za kupumzika ambazo mwenzake hana. Nimewasikia mashabiki wakilia kwa kutolewa kwa namna hiyo, ilhali kwa kikosi chembamba mapumziko hayo yanaweza kuwa na faida kuliko kombe la konferensi.

Jambo la pili, ambalo ningelipa uzito kuliko yote, ni mahali timu itakapocheza na siku itakazopumzika. Timu 16 zilizopangwa juu huruka mzunguko wa kwanza na kuanzia wa pili zikiwa nyumbani, na katika mizunguko inayofuata hadi robo fainali mwenyeji huwa ni timu iliyopangwa juu zaidi, kisha nusu fainali na fainali huhamia uwanja usio wa timu yoyote. Mzunguko wa kwanza huchezwa kwa kawaida Alhamisi na wa pili Jumapili. Timu isiyopewa nafasi ya juu, basi, hucheza Alhamisi kwa nguvu zote, husafiri Ijumaa au Jumamosi, na Jumapili hukutana na kikosi ambacho kimelala kitandani kwake wiki nzima kikitazama video za mchezo wake. Vermont walipita katika njia ya namna hiyo mwaka 2024: waliwatoa Hofstra, San Diego na Pittsburgh ugenini kabla ya kufika fainali za Cary, North Carolina, na safari ya kutoka Burlington, mji wa chuo cha Vermont karibu na mpaka wa Kanada, hadi San Diego, karibu na mpaka wa Meksiko, peke yake ni kukatiza nchi nzima kutoka pembe moja hadi nyingine. Anayepima timu yake achukue ratiba, aandike umbali wa kila safari inayowezekana na idadi ya usiku utakaopita kati ya mechi na mechi, kisha aangalie rekodi ya ugenini ya Septemba na Oktoba badala ya rekodi ya jumla. Timu iliyoshinda mara nyingi nyumbani na kupata sare za kuhangaika ugenini haina rekodi nzuri kwa ajili ya Novemba, hata kama jedwali linaipamba.

Pamoja na umbali kuna uwanja wenyewe. Vyuo vingine vina nyasi za asili na vingine nyasi bandia, na mpira hudunda na kukimbia tofauti katika kila uwanja. Timu inayojenga mashambulizi kwa pasi fupi za chini hupata shida kwenye nyasi zilizolowa na kuchakaa za mwisho wa vuli, na beki aliyezoea kuteleza kwenye nyasi asili huchubuka na kusita kwenye bandia. Baridi nayo si jambo dogo katika majimbo ya kaskazini, ambako mechi za jioni mwezi Novemba huchezwa katika nyuzijoto zinazokaribia sifuri. Kipa anayesimama dakika 20 bila kugusa mpira anahitaji mpango wake mwenyewe wa kupasha mwili moto.

Kuhusu upana wa kikosi, msomaji aliyezoea kanuni za kimataifa anapaswa kubadili fikra zake. Katika soka ya vyuo mchezaji aliyetolewa anaweza kurudi uwanjani: kwa utaratibu uliozoeleka, anayetoka kipindi cha kwanza hukaa nje hadi mapumziko, na anayetoka kipindi cha pili anaweza kurudi mara moja tu. Saa ya mchezo huhesabu kwenda chini hadi sifuri na husimamishwa kwa bao au kadi, hivyo hakuna mwamuzi wa kuongeza dakika kwa hisia zake. Mambo haya mawili hubadilisha hesabu ya kocha. Kocha mwenye winga wanne wanaolingana anaweza kuwatuma wawili wawili wakimbie bila kujibania, na beki wa kulia wa timu pinzani akafika dakika ya 70 akiwa amekabiliana na miguu mipya mara tatu. Kwa sababu hiyo, swali la kuuliza kuhusu benchi si jina la mchezaji wa akiba aliye hodari kuliko wenzake. Swali ni kama mchezo wa timu hubaki uleule wachezaji watano wanapobadilishwa kwa mpigo, au kama kiungo wa kati anapotoka mpira huanza kupigwa mbele ovyo. Mtu anaweza kupata jibu kwa kutazama mechi mbili za mwisho za msimu na kufuatilia dakika 15 zinazoanzia mabadiliko ya kwanza, bila kujali matokeo.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda anafuatilia mashindano haya kwa sababu ya vijana wa nyumbani waliopitia huko. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa, alicheza Chuo Kikuu cha Washington kabla ya kusajiliwa na Seattle Sounders mwaka 2018, na Mkenya Philip Mayaka alitoka Clemson kwenda Colorado Rapids mwaka 2021. Kijana wa namna hiyo huwa nguzo ya timu yake, na timu yenye nguzo moja inapaswa kuulizwa itafanya nini siku nguzo hiyo itakapokabwa na watu wawili.

Sasa tuje kwenye muda wa nyongeza, ambako naona maandalizi mengi hupwaya. Tangu mwaka 2022, mechi za msimu wa kawaida zinazofika dakika 90 bila mshindi huhesabiwa sare na wachezaji wakaenda zao. Katika mtoano, hata hivyo, huongezwa vipindi viwili vya dakika 10, na kama bado hapajapatikana mshindi, matuta huamua. Kwa hiyo inawezekana kabisa timu ikacheza kuanzia Agosti hadi Novemba bila kugusa dakika ya 91, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakakutana na hali hiyo kwa mara ya kwanza siku ambayo kosa moja linafunga msimu. Kumbukumbu za fainali zinaonyesha kwamba hili si jambo la nadra. Mwaka 2019 Georgetown waliwashinda Virginia kwa matuta 7-6 baada ya sare ya 3-3. Mwaka 2022 Syracuse waliwashinda Indiana kwa matuta 7-6 baada ya sare ya 2-2. Clemson walioibuka mabingwa wa 2021 walihitaji matuta katika nusu fainali dhidi ya Notre Dame, na Vermont walipita nusu fainali ya 2024 kwa matuta dhidi ya Denver kabla ya kuwafunga Marshall 2-1 kwa bao la Maximilian Kissel katika dakika ya 95.

Indiana ndio mfano unaouma zaidi. Ni chuo chenye mataji manane, na kuanzia 1987 hadi 2024 hakikukosa mashindano haya hata mara moja; ukizungumzia uzoefu wa mtoano, hakuna anayewapita. Lakini walipoteza fainali ya 2017 kwa Stanford katika muda wa nyongeza, wakapoteza ya msimu wa 2020 kwa Marshall katika muda wa nyongeza kwa bao la Jamil Roberts, na wakapoteza ya 2022 kwa matuta. Fainali tatu, zote baada ya dakika ya 90. Sisemi kwamba Indiana hawakujiandaa, kwa maana timu isiyojiandaa haifiki fainali tatu katika misimu sita. Nasema kwamba uzoefu huifikisha timu mlangoni, na baada ya hapo hubaki mambo madogo yanayoweza kufanyiwa mazoezi: nani ana pumzi ya dakika 110, nani atolewe mapema ili arudi katika muda wa nyongeza kwa kadiri kanuni zinavyoruhusu, na orodha ya wapigaji wa penalti inafika mtu wa ngapi. Matuta ya 7-6 maana yake ni kwamba mpira uliwafikia mabeki na viungo wakabaji. Timu yenye orodha ya wapigaji watano tu ina nusu ya orodha. Mazoezi yenyewe yafanyike mwisho wa kipindi kizito, miguu ikiwa imechoka, na kila mpigaji atembee peke yake kutoka mstari wa kati hadi kwenye nukta, kwa kuwa mwendo huo ndio unaomtisha kuliko kipa.

Kadi na majeruhi havihitaji maelezo marefu. Kadi nyekundu ya mechi ya mwisho ya konferensi humfuata mchezaji hadi mechi ya kwanza ya mtoano, na kadi za njano hujumlishwa, hivyo benchi la ufundi linapaswa kujua kabla ya Novemba ni nani yuko ukingoni mwa kufungiwa. Kwa majeruhi, taarifa za vyuo huwa fupi mno. Dakika alizocheza mchezaji katika mechi tatu za mwisho husema ukweli zaidi kuliko taarifa hizo.

Mipira ya kona na faulo za karibu na boksi zipewe jicho pia, maana katika mechi za mtoano ambazo timu zote mbili zinaogopa kufunguka, bao la kichwa kutoka kona huweza kuwa ndilo pekee. Timu ambayo haijafunga bao la namna hiyo tangu Septemba ina kazi ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji pumzi wala kasi.

Kuna hoja ya kumbukumbu ya kikosi, ambayo ni tofauti na historia ya chuo. Vermont walifika robo fainali mwaka 2022 wakatolewa 2-1 na Syracuse, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa, na miaka miwili baadaye walikuwa na watu katika chumba cha kubadilishia nguo waliojua mechi ya aina hiyo huchezwa vipi. Ndiyo maana walipofungwa kwanza na Marshall katika fainali hawakukimbilia kurusha mpira mbele. Walisubiri, wakasawazisha katika dakika ya 81. Anayepima timu yake ahesabu wachezaji walio kikosini sasa ambao wamewahi kuanza mechi ya mtoano, na aache mabango ya mataji ya zamani yaliyoning'inia ukumbini.

Mwisho ni masomo, na hapa wazazi na wachezaji wenyewe wana sehemu yao. Nusu fainali na fainali huchezwa Desemba, mwaka 2024 zikiwa Ijumaa ya tarehe 13 na Jumatatu ya tarehe 16, na katika vyuo vingi majira hayo ndiyo ya mitihani ya mwisho wa muhula. Mchezaji anayebaki macho hadi saa nane usiku hotelini akimalizia insha hataonyesha uchovu wake katika mazoezi mepesi ya asubuhi, lakini utaonekana dakika ya 75. Makubaliano na wahadhiri kuhusu tarehe mbadala za mitihani yaombwe kwa maandishi mapema Novemba, kabla timu haijajua hata kama itachaguliwa, na mtu mmoja katika timu apewe jukumu la kuyafuatilia, kwa kuwa mhadhiri anayeombwa Ijumaa jioni kuahirisha mtihani wa Jumatatu ana haki ya kukataa.