Injini Inapofifia Kwenye Tope: Namna ya Kutumia Kidhibiti cha Mtelezo

Ukipanda mlima wa udongo wa mfinyanzi baada ya mvua na kukanyaga mafuta, huenda taa ya manjano yenye picha ya gari na michirizi miwili ikaanza kupepesa kwenye dashibodi, huku injini ikififia kana kwamba imeishiwa mafuta. Wengi hudhani pampu imekufa. Kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Ni kidhibiti cha mtelezo: kompyuta ya gari imepunguza toki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, kwa makusudi.

Kila gurudumu lina sensa, ileile inayotumiwa na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapopiga breki), inayopima kasi ya mzunguko wake. Magurudumu yanayosukumwa na injini yakizunguka upesi mno kuliko yale yanayobingirika tu, kompyuta huchelewesha cheche za plagi, hatua inayoonekana papo hapo, au huzima nozeli (vipulizio vya mafuta) za baadhi ya silinda. Wakati huohuo hufunga throtili, yaani mlango wa hewa ya injini, ingawa hiyo hukawia kidogo, kwa sababu hewa iliyokwisha kuingia kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) lazima itumike kwanza. Injini ya dizeli haina cheche, hivyo hupunguziwa mafuta yanayopulizwa. Kwenye gari lenye throtili ya umeme, pedali haivuti waya wowote: mguu wako hupeleka ombi, na kompyuta inaweza kulikataa. Zaidi ya hayo, breki hubana gurudumu linalozunguka bure ili difu, gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ipeleke nguvu upande wa pili.

Kwenye lami iliyolowa au changarawe, kiache kidhibiti kifanye kazi yake, na taa inapopepesa usiongeze mafuta, bali legeza mguu taratibu hadi itulie. Kwenye tope zito au mchanga mwingi mambo hugeuka, kwa kuwa magurudumu yanahitaji kuzunguka bure kidogo ili yajisafishe na gari lisipoteze mwendo. Hapo zima kidhibiti kwa kubonyeza kitufe chenye picha ileile (kwenye magari mengine hushikiliwa kwa sekunde kadhaa gari likiwa limesimama), nyoosha usukani, kisha ondoka kwa gia ya pili na mguu mwepesi. Ukishatoka, kiwashe tena kabla ya kushika kasi.

Taa ikipepesa kwenye barabara kavu iliyonyooka, anza na matairi: lililopungua upepo au lenye saizi tofauti huzunguka kwa kasi tofauti na wenzake na kuidanganya kompyuta. Ikiwaka mfululizo pamoja na ya ABS, kagua waya wa sensa nyuma ya gurudumu, kwani mawe huukata, na fundi apime kwa mashine kabla hujanunua sensa mpya.