Gari la umeme nyumbani: mazoea ya petroli ya kuacha

Miaka 23 nimekuwa fundi wa magari hapa Mombasa. Minne ya mwisho nashughulika pia na Nissan Leaf za mtumba, magari ya umeme yanayoshuka bandarini Kilindini kutoka Japani. Kila mteja mpya huniuliza lile lile: "Fundi, hili la umeme halitatulipukia?"

Kwa upande wa moto, naliamini kuliko la petroli. Mwaka 2022 MSB, idara ya Uswidi inayoshughulikia majanga, ilihesabu moto 23 kwa magari kama 611,000 ya umeme na chotara, yaani yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Ya petroli na dizeli yaliungua kama 3,400 kati ya milioni 4.4. Kwa kila magari laki moja, hiyo ni karibu 4 dhidi ya 77. Mengi ya umeme bado ni mapya, nalo jipya haliungui ovyo, lakini hata ukilitia hilo hesabuni, pengo ni kubwa.

Hofu yangu ni dereva anayehamia umeme na mazoea ya petroli. Petroli ikivuja, pua inakuambia. Umeme hauna harufu mpaka kitu kimeshaanza kuungua.

Basi anzia kwenye soketi. Kebo ya chaji inayokuja na Leaf ya Japani huvuta hadi ampea 15 na imeundwa kwa umeme wa volti 200. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Watu wanaikata, wanafunga plagi ya pini tatu ya ampea 13. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu wa Nyali alinipigia: "Mwanangu, gari linachaji kidogo kisha linakatika." Nilipochuchumaa pale ukutani, soketi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikachomoa plagi, ikatoka na uzi wa plastiki iliyoyeyuka, mrefu kama kidole.

"Mama, umechaji hivi tangu lini?"

"Wiki tatu tu, baba."

Birika la umeme huvuta sana kwa dakika tatu, kisha hujizima. Gari huvuta saa sita, saa nane mfululizo, usiku mmelala. Moto ule ungeanzia ukutani, gari lenyewe likiwa zima kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchaji usiku wa kwanza, mwite fundi umeme mwenye leseni. Akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 4 za mraba au 6, na sakiti breka yake. Aongeze kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampea 30, na aipime ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, kwa mita, asikuambie tu kwamba ipo. Nunua kebo iliyotengenezwa kwa volti 240. Wiki ya kwanza, gari likishachaji saa moja, gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima. Ekstensheni sahau kabisa.

Mvua isikutishe, gari limeundwa kwa hiyo. Cha kuogopa ni kuzama, hasa maji ya bahari, kwa sababu chumvi hupitisha umeme mahali pasipotakiwa ndani ya betri. Kimbunga Ian kilipopiga Florida mwaka 2022, kuna magari ya umeme yaliyolowa maji ya chumvi yakawaka baadaye, maji yakiwa yameshakauka. Gari la petroli lililozama tumezoea kulianika na kujaribu kuliwasha. La umeme usiliwashe wala usilichaji: likokotwe likae uwanjani, mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Ukinunua mtumba, inua zulia utafute kutu chini ya viti, kisha liinuliwe utazame tumbo. Betri iko pale chini, karibu kilo 300. Uzito huo wa chini hulifanya gari lisipinduke kirahisi, ila matuta yetu hulikwaruza. Kifuniko cha betri kikiwa kimebonyea, usinunue.

Moto nao una tabia mbili. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9, kwa hiyo tangi la lita 40 limebeba karibu mara tisa ya betri ya Leaf ya kilowati-saa 40. Nayo petroli ikimwagika, mvuke wake huwaka kwa pigo moja. Sachangwan hapa Kenya Januari 2009 na Morogoro Tanzania Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka likawaka watu wakichota, na kila mahali tulizika zaidi ya mia. Betri huanza kwa kuzomea, moshi mzito, milio ya kupasuka. Moshi ule ni sumu. Mtungi wa kuzimia moto wa unga hautaizima, inataka maji maelfu ya lita, na inaweza kuwaka tena kesho yake. Toa watu, simama upepo unakotokea, piga 999 na useme wazi kwamba gari ni la umeme.

Nyaya za rangi ya chungwa zina volti kama 360. Kabla ya kuzigusa, mimi hutoa betri ndogo ya volti 12, nachomoa plagi ya usalama iliyo sakafuni, nasubiri dakika kumi, kisha napima kwa mita nikiwa na glavu za volti 1,000. Vijana wa kuosha magari waambie wasipige maji ya presha chini ya boneti.

La mwisho ni ukimya. Katika vichochoro vya Mji wa Kale watoto husikiliza injini ndipo wapishe. Leaf hutoa mlio ikienda polepole, na baadhi ya zile za mwanzo zina kitufe cha kuuzima, usikiguse. Na ukiegesha, hakuna ngurumo ya kukukumbusha kwamba gari bado limewaka. Tazama dashibodi: ile picha ya kijani ya gari lenye mishale izimike kwanza, ndipo ushuke na kumwachia mtoto kiti cha mbele.