Kabla hujadai bima ya magonjwa makubwa: isome hivi

Mwaka jana shangazi alinipigia kutoka Morogoro akilia. Ana saratani ya titi, na kampuni imemkatalia. Mimi ni wakala wa bima za maisha, lakini faili lake lilinilaza macho siku tatu.

1. Jua ni bima ipi. Bima ya afya, kama NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Tanzania), inailipa hospitali. Ya magonjwa makubwa inamlipa mgonjwa mwenyewe, kwa mkupuo, na mara nyingi ni nyongeza iliyomo ndani ya bima ya maisha.

2. Omba mkataba kamili, si kipeperushi. Uchapishe. Ukiusomea kwenye simu utaruka mistari.

3. Tafuta tafsiri ya ugonjwa, yaani jinsi mkataba unavyoueleza. Hapa usiharakishe. Jina la ugonjwa pekee halilipwi. Kinacholipwa ni ugonjwa uliofikia kiwango kilichoandikwa. Mikataba mingi inataka kiharusi kilichoacha athari za kudumu. Kilichopita ndani ya saa chache hakihesabiwi. Mshtuko wa moyo mara nyingi unahitaji kipimo cha umeme wa moyo na troponini (protini ya misuli ya moyo) iliyopanda kwenye damu. Saratani lazima iwe imepenya tishu za jirani. Ikiwa bado mahali ilipoanzia, majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) huandika *in situ*, na hapo mikataba mingi hailipi, ingawa mingine hutoa sehemu ya fedha.

Shangazi alikuwa amepeleka majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwa sindano, yenye maneno hayo mawili, *in situ*. Lakini baada ya upasuaji uvimbe wote ulipimwa upya, na karatasi ya pili, iliyokunjwa ndani ya kadi ya kliniki, ilisema saratani imeshapenya. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo iliyotakiwa. Kwa hiyo weka majibu yote mezani, yapange kwa tarehe, kisha pitisha rula mstari kwa mstari kati ya mkataba na majibu. Muhtasari wa daktari usiutegemee peke yake.

4. Hesabu siku. Kuna kipindi cha kusubiri tangu bima ianze, mara nyingi siku 90, na kuna siku ambazo mgonjwa lazima aishi baada ya kugunduliwa, kwa kawaida 14 hadi 30. Andika tarehe ya majibu yanayotimiza tafsiri, si ya siku alipoanza kuumwa.

5. Ugonjwa usiopona ni kipengele kingine. Kwa kawaida daktari huthibitisha kwamba mgonjwa hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 12. Fedha zinazolipwa kwa kipengele hiki hukatwa kwenye fao la kifo: bima ya milioni 20 ikitoa 10 sasa, warithi watapata 10. Familia izungumze kabla ya kusaini. Mimi hupendelea nyongeza isiyogusa fao la kifo, hata kama ada yake iko juu.

6. Peleka madai, baki na nakala zenye mhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Shangazi hakufika huko. Karatasi ya pili ilitosha.