Balbu moja, majibu mawili: kutafuta omu na wati kwa volti na ampea

Kijana akija kujifunza kazi kwangu, kitu cha kwanza namkabidhi ni balbu ya taa ya breki ya gari. Kitakoni imeandikwa 12V 21W. Namwuliza: hii ina ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia mkondo wa umeme, wa omu ngapi? Karibu wote hufanya lilelile. Wanageuza mita, ile ya kupimia volti, ampea na omu, kwenye omu, wanagusisha ncha zake mbili kwenye balbu, wanasoma 0.6 hivi, wanatabasamu. Sibishi. Namwambia aiandike kwenye daftari, tutairudia.

Kisha tunakwenda kwenye hesabu, nayo ni mistari miwili tu:

Omu = volti ÷ ampea
Wati = volti × ampea

Ule wa kwanza unatokana na kazi ya Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827. Hesabu haimshindi mtu. Kinachowashinda wengi ni kupata hizo volti na ampea zilizo sahihi.

Volti zinapimwa huku kifaa kinafanya kazi, ncha moja upande huu wa kifaa na nyingine upande wa pili. Usipime betri ikiwa peke yake halafu ukaiamini namba hiyo. Betri yangu ikiwa haina mzigo inasoma 12.6, balbu ikiwaka, kwenye miguu ya balbu napata 12.1. Ya kutumia ni 12.1, kwa sababu ndiyo inayoisukuma balbu.

Ampea ni habari nyingine. Hapo unakata njia, mita inaingia katikati, mkondo wote unapita ndani yake. Waya mwekundu unahamia kwenye tundu la 10A. Na hapo ndipo nilipounguza fyuzi ya mita yangu ya kwanza: nilimaliza kupima ampea, nikasahau waya kwenye tundu lile, nikaenda kupima volti za betri. Tap! Kikaisha. Kanuni yenyewe inaeleza sababu. Mita ikiwa kwenye ampea karibu haina ukinzani, tuseme 0.05 pamoja na nyaya zake. Volti 12 ÷ 0.05 ni ampea 240. Fyuzi gani ya mita itavumilia hapo? Siku hizi waya mwekundu unarudi kwenye tundu la volti kabla sijaiweka mita mezani. Na kwa umeme wa ukutani sikati waya kabisa, natumia klampu mita, ile inayokumbatia waya kwa nje.

Turudi kwenye balbu. Ikiwa inawaka: volti 12.1, ampea 1.76. Wati ni 12.1 × 1.76, yaani 21.3, kitako hakikudanganya. Omu ni 12.1 ÷ 1.76, yaani 6.9. Kijana anafungua daftari, anaona 0.6, anaanza kuitilia shaka mita.

Mita iko sawa. Uzi wa balbu ni wa tungsteni, na ukiwaka joto lake linapita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Kadiri unavyopata moto ndivyo ukinzani unavyopanda. Mita kwenye omu inapitisha mkondo mdogo mno usioweza kuupasha uzi, kwa hiyo inakupa ukinzani wa balbu iliyolala. Hesabu inakupa wa balbu iliyo kazini. Ndiyo maana pia balbu nyingi hufa pale pale unapobonyeza swichi: 12 ÷ 0.6 ni ampea 20, kwa kitambo kifupi sana kabla uzi haujapata moto.

Mtego mwingine ni miliampea. Una betri ya volti 9 na taa ya LED nyekundu inayokula volti 2 na miliampea 20. Unaiwekea LED rezista, kipande cha ukinzani kinachokaa nayo kwenye njia moja kupunguza mkondo, nayo inabaki na volti 7. Ukigawa 7 kwa 20 unapata 0.35, na ukiweka rezista ya 0.35 LED inakufa kabla hujaiangalia vizuri. Miliampea 20 ni ampea 0.02, 7 ÷ 0.02 ni omu 350. Mimi huwa sijisumbui kubadilisha: volti ukigawa kwa miliampea, jibu ni kiloomu, yaani omu elfu moja moja. Hiyo 0.35 ilikuwa sahihi, ila ni ya kiloomu. Dukani 350 huwa haipatikani kirahisi, chukua 390. Wati zake hazifiki 0.14, kwa hiyo rezista ya robo wati inatosha.

Ukishaijua omu, wati unaweza kuzipata bila kugusa ampea: volti × volti ÷ omu. Hita ya wati 2,000 kwa volti 230 ina omu 26.45. Ipe volti 115, nusu. Wengi wanajibu wati 1,000. Piga hesabu: ni 500.

Hita hiyohiyo inavuta ampea 8.7. Ichomeke kwenye ekstensheni ndefu yenye nyaya nyembamba, nyaya hizo zikiwa na omu 0.5 kwenda na kurudi. Wati pia ni ampea × ampea × omu: hapa wati 38 zinabaki ndani ya waya kama joto. Waya ukiwa umenyooshwa sakafuni, joto linatawanyika. Ukiwa umeviringwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na plastiki inaanza kulainika. Ukiona harufu, chomoa.

Haya yote yanafaa kwa betri, hita, pasi na balbu za uzi. Mota ya umeme wa ukutani iache kando: volti × ampea zake zinakupa volti-ampea, ambazo huzidi wati halisi, na volti ÷ ampea si ukinzani wa koili. Hapo nachomeka mita ya wati, nasoma ilichoandika.