Jinsi ya kumjengea shujaa utoto unaoonekana hata akiwa amevaa kinyago

Superman, shujaa wa vitabu vya katuni, alipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, utoto wake uliishia ndani ya ukurasa mmoja: sayari inaangamia, chombo kinatua duniani, mpita njia mwenye gari anamwokota na kumpeleka kwenye kituo cha yatima. Mwaka uliofuata watunzi wake, Jerry Siegel na Joe Shuster, walirudia mwanzo huo wakawaingiza kina Kent, wazazi wake wa kulea, waliomfunza mambo mawili: azifiche nguvu zake watu wasije wakamwogopa, na wakati ukifika azitumie kuwasaidia wanadamu. Nguvu alikuwa nazo tangu mwanzo. Alichoongezewa ni mtu wa kumlea, na hapo ndipo usiri wake na huruma yake vilipopata chanzo.

Kwa hiyo ukitunga shujaa, mfikirie mlezi kabla ya nguvu na vazi. Watunzi chipukizi hukimbilia msiba: wazazi wanauawa, mtoto anaapa kulipiza. Msiba humtoa shujaa nyumbani, lakini malezi ndiyo yanayoamua atapigana vipi, atamsamehe nani, atasema uongo kuhusu nini. Spider-Man wa mwaka 1962 anabeba hatia ya kifo cha mlezi wake Ben kwa sababu Ben na mkewe May walimlea kwa upendo. Mtoto aliyelelewa na mjomba mkatili angeupokea msiba uleule kwa hasira, au hata kwa ahueni.

Anza kwa kuandika kanuni ya nyumba, sentensi moja isiyozidi maneno kumi, kwa kauli ya mlezi mwenyewe. Tuseme: "Hapa hatulii mbele ya wageni." Chini yake andika mambo matatu: mtoto alisifiwa kwa lipi, aliadhibiwa kwa lipi, na lipi halikutajwa kabisa nyumbani. Usiliruke hilo la tatu. Shujaa akikua, hilo ndilo atakalolizunguka bila kuligusa, na mazungumzo yako mazuri zaidi yatatoka humo.

Kisha amua shujaa aliumia akiwa na umri gani. Jeraha la miaka minne hukaa mwilini kama hofu isiyo na maelezo. La miaka minane huja na kumbukumbu na kujilaumu. La miaka kumi na tano huja na uamuzi ambao shujaa angeweza kuufanya tofauti. Usichanganye. Storm, shujaa wa kundi la X-Men, alikuwa bado mdogo nyumba yao ya Cairo ilipobomoka, akanasa chini ya kifusi karibu na mama yake aliyekufa. Leo anaamrisha radi, lakini ukimfungia chumba kidogo analegea. Hofu hiyo ni mahususi na inamkamata pale ambapo nguvu zake hazimfai. Baada ya hapo akalelewa na wezi wa mitaani, akajifunza kuchomoa vitu mifukoni na kufungua makufuli. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mafunzo hayo nayo yana matumizi yake hadithini.

Ustadi na udhaifu vitoke kwenye mzizi mmoja. Cassandra Cain, shujaa wa hadithi za Batman aliyeanza kuonekana mwaka 1999, alilelewa na baba aliyemnyima lugha ya maneno ili mwili uwe lugha yake ya kwanza. Akawa anajua pigo linakotoka kabla halijarushwa, lakini hawezi kuzungumza wala kusoma. Alipopewa lugha, uwezo ule ukamtoka, ikambidi autafute upya. Jaribu hivyo kwa shujaa wako: ukiweza kumponya udhaifu bila kumpunguzia chochote, mzizi bado haujaupata.

Sasa geuza kanuni ya nyumba iwe vitendo vitatu: cha mwili, cha maneno na cha uamuzi. Yule wa "hatulii mbele ya wageni" anakaza taya. Anasema "nipo sawa" kabla hajaulizwa. Anakataa msaada mpaka wenzake wameumia. Vitendo hivi vionekane mara mbili au tatu kabla hujaeleza vinakotoka, maana msomaji huthamini jibu la swali alilojiuliza mwenyewe. Batman alianza kuchapishwa Mei 1939. Kifo cha wazazi wake kikasimuliwa Novemba, kwa kurasa 2 tu. Katika hadithi ya kurasa 24, nawe usizidishe 2 au 3.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni kudhani mtoto aliyeteswa lazima awe mwovu. Ni uongo, na unawaumiza wasomaji waliopitia hayo. Bruce Banner, yaani Hulk, anayegeuka jitu akikasirika, alianza mwaka 1962. Mwaka 1985 ikasimuliwa kwamba baba yake alikuwa akimpiga Bruce, na ndiye aliyemuua mama yake. Hasira iliyokuwapo siku zote ikapata historia, naye akabaki mtu wa kuhurumiwa. Kosa jingine ni mlezi asiye na doa. Mpe kasoro moja, kisha mrithishe shujaa.

Mwisho, chukua onyesho moja la mapigano, umpe shujaa wako utoto wa mhusika mwingine, uliandike tena. Ikiwa hakuna kauli hata moja iliyobadilika, rudi kwenye kanuni ya nyumba.